Tope Lenye Jina la Marehemu Mama Mkwe

Jamani, leo asubuhi nimekuta tope kwenye friji yangu, na limeandikwa jina la marehemu mama mkwe!

Nilikuwa natafuta maziwa ya chai. Nikaona kichupa kimefungwa vizuri, ndani tope jeusi tii, juu kimebandikwa karatasi: PASKALINA.



Tope. Jina la marehemu. Friji yangu. Nyie mngefikiria nini?

Nikawapigia akina mama wa jumuiya yetu ya kanisani. Hapa kijijini kwetu Nakwa kwa mambo hayo hatuchelewi. Wakaja na rozari na maji ya baraka, tukaizunguka friji, tukaanza kukemea.

Mara wifi yangu akatoka chumbani, mswaki mkononi. Alifika jana akitokea Dar, anasomea bakteria chuoni.

"Shikamooni. Mbona mnakemea tope langu?"



Kumbe ni tope la chini ya bahari, kesho analipeleka maabara Arusha. Chuoni kwao wamekuta humo bakteria wasiojulikana bado, na huenda wakatoa dawa ya kuua vijidudu vilivyozoea dawa zetu.

"Sasa jina la mama la nini?" nikauliza.

"Wifi, si unakumbuka kidonda chake? Tulibadilisha dawa zote, hakuna iliyofanya kazi. Nimelipa jina lake ili nisichoke kutafuta."



Mwenyekiti wa jumuiya akafuta machozi, akaishika tena rozari yake.

"Haya akina mama, tuanze upya."

Safari hii tukaliombea tope.