Shamba Lililopumzika na Jibu la Neno Moja

Waingereza wana neno "precise", nao hulitumia kama sifa njema: mtu asemaye jambo kama lilivyo, bila kuzidisha. Walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa katika Kilatini, ambako maana yake ilikuwa kukata ncha ya kitu, kukifupisha. Hayo nilifundishwa na padre wetu wa Kilatini kule seminari, mtu mkali aliyefuta nusu ya kila insha niliyompelekea. Nilimpenda sana. Niliporudi nyumbani, kwenye vilima vya juu ya Ngungu, nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimevimba kichwa. Mama akisimulia safari yake ya soko la Sake, nilimkatiza: "Mama, sema tu: chumvi ilipatikana ao hapana?" Yeye alicheka. Mimi leo ningejizaba kofi.

Miaka ile ya hamsini, wazungu walikuwa wakitafuta ardhi ya kupanda pareto. Asubuhi moja akapanda kwetu afisa wa serikali, mlowezi nyuma yake, kuandika ardhi ipi ina wenyewe na ipi ni tupu. Sasa, kwetu shamba lililochoka huachwa. Unalima maharage misimu kadhaa, kisha unaliacha miaka minne, mitano, lirudi kuwa kichaka, watu wakate kuni, mbuzi wale, udongo upate nguvu. Mwaka ule upande mzima wa kilima chetu, ule uliotulisha kuliko mwingine wote, ulikuwa umelala. Afisa aliona majani tu.

Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia maji, basi akaniomba nitafsiri. Nikasogea mbele kwa majivuno.

"Hapa mnalima nini sasa?" aliuliza kwa Kifaransa. Papa, yaani baba yangu, akavua kofia, akaanza kama mkulima anavyoanza, kutoka mbali:

"Umuambie hivi. Hii shamba, baba yangu njo mwenye alikataka pori yake. Kaburi yake iko pale, ayione. Udongo ilichoka na maharagi, tukaiacha ipumuzike. Mwaka yenye kuja mama yako atarudi kulima kule chini, pembeni ya muto."

Afisa alitazama saa yake. "Réponse précise," aliniambia. Ni neno lilelile: alitaka jibu moja lililokatwa, la sasa.

Nikamjibu: "Rien." Hakuna kitu.

Haukuwa uongo, na hilo ndilo linaloniuma. Ukilipima neno langu na swali lake, halina kosa. Baadaye sana niligundua kwamba Waingereza wana neno lingine la usahihi, "accurate", ambalo chanzo chake ni kukiangalia kitu kwa uangalifu, kukitunza. Hilo sikulijua siku ile. Afisa akaandika, akakisifu Kifaransa changu, na nikafurahi kama mjinga. Papa aliniona natabasamu, naye akatabasamu, akidhani mambo yamekwenda vizuri.

Vigingi vya mlowezi vilisimama kabla ya mvua. Nilikwenda Masisi ofisini mara tatu, kwa miguu, kueleza. Kila mara karani alinionyesha lile neno langu, limeandikwa kwa mwandiko mzuri. Maji yakimwagika hayazoleki. Mama akahamia kulima mteremko wa mawe, maharage yakatoka kidogo, tukazoea kula mara moja kwa siku. Sikuwa na la kufanya, na hata hasira yangu sikuwa na pa kuipeleka.

Siku moja tulikuwa tunamenya mihogo, Papa akaniuliza kwa upole:

"Mutoto wangu, siku ile, ulimuambiaka yote vile nilisema? Ya kupumuzika? Na ya kaburi?"

"Ndiyo, Papa. Yote."

Akageuza muhogo mkononi. "Basi nimeelewa. Alisikia yote, akakataa tu."

Tangu siku hiyo hakumwamini tena mzungu yeyote, hata padre. Mimi aliendelea kuniamini mpaka alipokufa.