Mwanangu Kapewa Jina la Dubwana la Kwenye Gemu

Admin, jina langu lifiche, ila la mwanangu liache wazi, maana ndilo lililonileta huku. Nina miaka 29, naishi Chang'ombe na mume na binti yetu mchanga. Mume wangu ana miaka 37, anachomelea mageti, ana ndevu, watoto wa mtaani wanampa shikamoo. Mtu huyohuyo akirudi kazini anajikunja kwenye kochi na gemu ya mkononi. Ndani kuna vimchezo vidogo vidogo, mara kuruka mawe, mara kudaka vimondo, upuuzi mtupu, na ukishinda unapewa kiumbe wa sayari nyingine wa kuongeza kwenye mkusanyiko wako. Anao wengi kuliko mashati. Nikavumilia, nikijisemea bora gemu kuliko mchepuko.

Mtoto alipozaliwa akasema ataitwa Zumina, jina la bibi wa ukoo wao. Nikaridhika. Siku ya akika shehe akamwombea dua, mama mkwe akaitikia huku analia.

Juzi mume kaingia kuoga, kaniomba nimchomekee gemu chaji. Kioo kikawaka. Nikaona dubwana la kijani, macho matatu, shingo halina, tumbo limelegea. Chini yake limeandikwa Zumina.

Nikampigia mama mkwe, yuko Kinyerezi. "Shikamoo mama. Hivi Zumina wa kwenu alikuwa nani?"

Naye akaniuliza, "Si jina la kwenu, mwanangu? Mumeo aliniambia ni la bibi yako. Nikaona nisiulizeulize, utadhani nalikataa."

Kumbe kila mmoja kapewa uongo wake, kwa kujua heshima haitaturuhusu kuulizana.

Alipotoka bafuni nikamuuliza. Hata aibu hana. "Mke wangu, huyo ndo mgumu kuliko wote. Nimemsaka weee, nikampata wiki ileile umejifungua. Mie nimempa mtoto heshima."

Heshima! Mtu mzima na ndevu zake. Nilimdharau palepale, na mpaka leo nikimwekea chakula mezani namwekea kwa dharau.

Nataka kubadili jina kabla hatujachukua cheti cha kuzaliwa. Mama mkwe ananisihi tunyamaze, dua imeshasomwa, tutachekwa. Mtoto naye ameshalizoea, ukimwita anageuka na kucheka. Mimi ndiye nashindwa kulitamka, namwita "mama" tu.

Nishaurini jamani, nimbadilishie jina au nimbadilishie baba?