Muhanna na Wenzake

Ukiuliza leo nani aliyefanya utafiti wa wale walioanguka mitendeni, utaambiwa Muhanna. Uongo mtupu! Muhanna hata huko Qurayyat kwenye mitende hakufika, na kama alifika basi alikwenda kula samaki. Mwenye kazi ile ni Nadra, binti wa kaka yangu Harub. Mimi Rahila nnayekwambia ndiye niliyemlea tangu mamake afariki, kwa hivyo nikipandisha sauti, nivumilie. Hasira yangu haijesha.

Tumerudi Maskati kutoka Tanga mwaka sabini na nne, Nadra ana miaka minane. Skuli walimcheka Kiarabu chake, naye akakaa na vitabu mpaka akawapita wote. Akasomea udaktari, na mwaka tisini na tatu akaanza kazi katika hospitali moja hapa Maskati, upande wa tawari, yaani pale wanapoletwa waliogongwa, waliozirai na walioanguka. Mkuu wake alikuwa huyo Daktari Muhanna.

Kila kiangazi tende zikiiva, waliletwa wanaume walioanguka kutoka juu ya mitende. Nadra akaona jambo. Wengine baada ya miezi walitembea, wengine hawakutembea tena maisha yao, na wote walianguka kutoka kimo kile kile. Akamuuliza mkuu wake. Muhanna akamjibu, "Kadari ya Mungu, binti." Nadra akasema sawa, kadari, lakini tangu mtu aanguke mpaka afike hospitali hufanyiwa nini? Akanunua daftari.

Miaka sita! Kila Ijumaa baada ya sala nilimpeleka kwa gari yangu mpaka Qurayyat, nyumba kwa nyumba, kwenye jua linalochoma mpaka utosini. Mimi nakaa na wanawake, yeye anauliza swali moja: mlimnyanyua vipi? Na jibu lilikuwa hilo hilo. Walimshika ndugu yao makwapani, wakamkalisha kwenye pikapu, mmoja akamkumbatia asiyumbe, wakakimbiza gari. Kwa mapenzi yao wakammaliza uti wa mgongo. Wale waliolazwa juu ya ubao, au juu ya mlango uliong'olewa nyumbani, wengi wao walisimama tena. Wote pamoja, waliopona na wasiopona, walikuwa watu mia mbili na kumi na wawili, na Nadra aliwajua kwa majina yao na ya mama zao.

Mwaka elfu mbili akaandika yote, kurasa kumi na moja, akaniletea nyumbani kwangu Bawshar kabla ya kuzipeleka kwenye jarida. Kiingereza nnakisoma. Nikaona juu kabisa jina lake, na chini yake jina la Muhanna, ambaye kazi yake ilikuwa kutia saini karatasi ya ruhusa.

"Astaghfirullah, mwanangu," nikamwambia. "Unajitanguliza mbele ya mkubwa wako?"

"Shangazi, kwenye majarida anayetangulia ndiye mwenye kazi."

"Majarida ndiyo yaliyokulea, au mimi? Mkubwa hupishwa mlangoni, sembuse kwenye karatasi. Wenye kujua watajua tu."

Akachukua kalamu akageuza majina. Makala nyengine nne zilizofuata aliziandika vivyo hivyo.

Muhanna angekuwa muungwana angesema, la, binti, jina lako mbele. Hakusema kitu. Aliona, akacheka, akasaini. Basi dunia nzima, kila aliyeandika habari za kunyanyua majeruhi akamtaja yeye, maana hutajwa jina la kwanza tu: Muhanna na wenzake. Wenzake! Aliyekanyaga mawe ya Qurayyat miaka sita ndiye "wenzake"! Bwana akawa anaitwa kwenye mikutano ya nje, akapewa na uprofesa.

Mwaka elfu mbili na sita Nadra akaomba kupandishwa cheo cha ualimu wa udaktari. Kamati ikahesabu ni mara ngapi wataalamu wengine wameitaja kazi yake, na ilihesabu zile tu ambazo jina lake limetangulia. Barua ikaja: mchango wake haujatosha. Anashauriwa afanye utafiti chini ya Profesa Muhanna, bingwa wa fani hii, apate kujifunza kwake.

Ajifunze kwake! Niliisoma mara mbili. Nikamwambia Nadra, "Vaa, twende."

Muhanna anakaa Madinat Sultan Qaboos. Alitupokea kwa halwa na kahawa, na Nadra akamwomba kwa adabu aiandikie kamati sentensi moja tu, kwamba kazi ile ni yake.

Muhanna akaweka kikombe chini. "Binti yangu, mimi nilikuomba uniweke mbele? Umeniweka mwenyewe. Leo nikiandika hivyo, nitaonekana mwizi."

"Kwani wewe ni nani?" nikamwambia. Nikamtaka anitajie mgonjwa mmoja, mmoja tu, katika wale mia mbili na kumi na wawili. Akatazama zulia. Mkewe akaja mbio kunituliza, nami nikasema maneno ambayo siyarudii hapa. Hakuandika kitu. Tukatoka.

Njia nzima Nadra anaendesha na mimi natukana. Hana haya, mtu mzima na mvi zake, mla jasho la mtoto wa watu! Mbele ya nyumba yangu Nadra akasimamisha gari.

"Shangazi, Muhanna hakusema uongo. Hakuniomba."

"Najua."

"Uliyeniomba ni wewe."

Nikaanza kukusanya mtandio wangu nishuke.

"Mwanangu Zakiya ana miaka tisa," akasema, macho yake barabarani. "Siku za mapumziko nitamleta kwako kama kawaida. Mpikie, msuke nywele. Lakini hilo la kutanguliza wakubwa, usimfundishe."

Nikamwambia sitamfundisha. Nilikuwa na miaka sitini na miwili siku ile, na nilipokea amri kutoka kwa mtoto niliyemlea kwa mikono yangu, na nilistahiki.