Mama Pistoni na turbo ya mkwe wake

Hakuna injini iliyowahi kumshinda Mama Pistoni. Yaani, ukiacha zile tatu. Na ile ya jirani, ambayo mpaka leo haizungumzwi.

Saa mbili asubuhi hii ameinamia boneti ya gari linaloweza kuongeza hesabu hiyo, na safari hii aibu itabaki nyumbani: ni teksi ya mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee. Kama pistoni imetoboka, watu watano wanaoishi kwa gari hilo watashinda ndani wakitazamana.

Mkwe amesimama hatua nne nyuma, mikono mgongoni, kama mtu aliyekuja kuposa mara ya pili.

"Ililia vipi, mkwe?"

"Kama kokoto ndani ya kopo, mama. Pale kilimani. Nikaachia mguu hapohapo."

"Ulifanya vizuri. Wengine huongeza sauti ya redio."

Mama Pistoni ana miaka hamsini na tisa, na thelathini na moja kati ya hiyo ameimaliza chini ya magari. Alianza kwa kuosha vipuri kwenye gereji ya mumewe. Mume akafariki, wateja wakabaki. Wiki nzuri anatengeneza magari sita; wiki mbaya anatengeneza chai. Theluthi ya anachopata inamezwa na kodi ya banda.

Wiki tatu zilizopita mkwe alimwomba amfungie turbo, chombo kinachotumia nguvu ya moshi kuisukumia injini hewa zaidi. Gari lake la miaka ishirini lilikuwa linahema kwenye kilima cha hospitali, na safari kumi na mbili za siku zikawa saba. Turbo yenyewe waliiokota kwenye uwanja wa magari mabovu, kwa bei ya matairi mawili.

"Watu wanadhani kazi ni kuifunga," anasema Mama Pistoni. "Kufunga ni siku mbili. Kazi ni mafuta. Ukiipa injini hewa nyingi na petroli kidogo, inajikaanga yenyewe. Ndiyo maana nilianza na pampu kubwa, nikaja kwenye nozeli kubwa za kunyunyizia petroli. Turbo ikaingia mwisho, kama mgeni rasmi."

Kisha kuna cheche. Plagi ikiwasha mapema mno, mlipuko unaikuta pistoni bado inapanda. "Hiyo ni ngumi ya uso," anaeleza. Na petroli hafifu ni mbaya zaidi, kwa sababu hulipuka hata kabla ya kuitwa. Kwa hiyo walikubaliana mambo mawili: presha ya turbo isivuke nusu baa, na tangi lipate petroli ya daraja la juu tu.

Moto nao aliupangia. Bomba la petroli limehamishiwa upande wa pili, mbali na eksozi. Turbo imekingwa kwa bati. Kizimamoto kimefungwa chini ya kiti cha dereva.

"Pale alitaka kuweka spika," anasema. "Nikamwambia, spika haizimi moto, mwanangu. Itakuimbia tu ukiungua."

Sasa anachomoa plagi ya kwanza na kuigeuza kwenye mwanga. Kwenye kauri nyeupe kuna vidoa vidogo vyeusi, kama pilipili manga iliyosagwa. Hiyo ni alama ya injini iliyogonga, yaani petroli imelipuka ndani kabla ya wakati.

"Mkwe, uliweka petroli gani?"

"Ile uliyosema, mama. Ya juu."

"Ya juu?"

"Ya juu kabisa, mama. Tena nilijaza."

Mkwe ni mtu wa heshima, hagombezwi mbele za watu. Mama Pistoni anafunga geji ya kupimia mgandamizo, ambayo haipandi kama pistoni imetoboka, kwenye silinda ya kwanza, na kumwashiria mkwe apige stata. Kumi na mbili. Ya pili, kumi na mbili. Ya tatu, kumi na mbili. Ya nne sindano inasita, kisha inapanda taratibu. Kumi na moja na nusu.

"Nzima," anasema Mama Pistoni, na kujitupa juu ya tairi kuukuu. "Nzima kabisa, baba."

Mkwe anajifuta uso kwa shati lake safi.

Kilichoiokoa injini ni siri ndogo ya fundi. Tangu siku ya kwanza aliichelewesha cheche kuliko petroli nzuri inavyohitaji.

"Nguvu kidogo tumepoteza, najua. Lakini mimi siitegi injini kwa ahadi ya mtu. Naitega kwa mtu mwenyewe."

Mkwe anacheka, kwa sauti kubwa kuliko utani.

Mama Pistoni anataka kukodi banda la pili, anunue kifaa cha kupima uwiano wa hewa na mafuta, na afundishe wanawake ufundi. Wawili wameshaulizia. "Gari hili likipanda kile kilima mwaka mzima, tangazo langu ni hilo," anasema.

Binti yake anaingia na sinia la chai. Mama anapewa kikombe kipya, chekundu.

"Hiki kimetoka wapi?"

"Kaleta mume wangu juzi, mama. Kapewa zawadi."

Ubavuni kimechorwa kituo cha mafuta cha njia panda, kinachouza petroli ya kawaida tu, rahisi kuliko zote mjini. Mama Pistoni anakizungusha polepole, anakunywa funda moja, anakizungusha tena.

"Kikombe kizuri, mkwe. Wanatoa kwa lita ngapi?"

"Ishirini, mama," anajibu mkwe, na mkono wake unafika mdomoni ukiwa umechelewa.