Nilimpunguzia Mdogo Wangu Mshale

Siku ile tulikuwa watu wanne kwa Tata Ramazani, anayefundisha kompyuta hapa Kolwezi: yeye mwenyewe, mimi, mdogo wangu Chantal, na Mama Odile aliyekuja kutoa nakala ya hati zake. Nawataja wote ili nisimsingizie mtu. Kosa ni langu.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikauza makaa yanayotoka Mutshatsha ili wadogo zangu wasome. Chantal ndiye aliyefika mbali. Aliitwa kufanya mtihani wa ukarani kwenye mizani ya malori, upande wa mgodi wa Mashamba, na mtihani wenyewe ulikuwa wa kompyuta.

Tatizo lilikuwa macho. Tangu augue surua utotoni, vitu vidogo havioni. Kila mara alikuwa akiupoteza ule mshale wa kwenye skrini, anasogeza kipanya huku na huku kama mtu anayefuta meza. Tata Ramazani akaingia kwenye mipangilio, akaufanya mshale mkubwa, wa njano. Mkono wa Chantal ukatulia palepale.

Mama Odile akachungulia. "Ile ni mushale ao ni mwiko ya bukari?"

Wakaucheka huo mwiko wa ugali, hata Chantal. Mimi aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikawaza: wakubwa wa kazi wakijua haoni vizuri, watamchukua mwingine. Nikamwambia Tata Ramazani aurudishe mshale ulivyokuwa.

"Mama, hii haiko dawa ya bagonjwa," akasema. "Kompyuta yote iko nayo."

"Rudisha. Atazoea kama benzake."

Halafu nikamwapisha Chantal kwa jina la marehemu mama yetu: siku ya mtihani asimwombe mtu msaada wowote.

Jamani, alitii! Aliutafuta mshale mpaka muda ukaisha. Majibu aliyajua, ila hakuona pa kubonyeza. Aliyeketi kando yake, baba mmoja mwenye miwani, alimwomba msimamizi amkuzie mshale, akakuziwa bila kuulizwa hata sababu.

"Nilitaka kusema, yaya," Chantal aliniambia mimi dada yake mkubwa. "Lakini nilikuwa nimeapa."

Hakunilaumu zaidi ya hapo. Sasa tunafunga magunia ya makaa pamoja, yeye na diploma yake. Inaniuma kuliko matusi.

Ninyi mnaolea wadogo zenu, msifiche udhaifu wa macho yao kwa ajili ya heshima yenu. Mwacheni mtoto atumie mshale anaouona.

Wametangaza tena nafasi ile. Chantal ataomba, ila kwa sharti moja: twende wote, na mimi niliyemfunga kinywa niseme mbele ya watu kwamba mdogo wangu haoni vizuri, akuziwe mshale.

Nimekubali. Ndilo deni langu kwake. Hapa neno hilo nimeliandika bila kutaja jina langu. Kule nitapaswa kulitamka, na mpaka leo, hata jikoni tukiwa wawili tu, sijaweza.