Mahali Ambapo Miguu Haipiti

Saa mbili asubuhi, jua limeshaanza kuchoma, mwanamke aliyevaa koti la njano la kazini ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa katika ua wa watu. Hashiki jembe wala kalamu. Anatazama miguu ya wenyeji wake.

Wenzake wanamwita Shangazi Maswali. Kazi yake ni kuzungumza na familia ambazo makaburi yao yanahamishwa kupisha barabara. Akimaliza yeye, huja wachimbaji, kisha katapila.

Chuoni alisomea anthropolojia, elimu ya watu na namna wanavyoishi. Baba yake, fundi seremala, hakuficha alivyokereka. “Nimekula vumbi la mbao miaka yote, wewe unakwenda kusomea kuchungulia watu!” Alipohitimu alisota miaka miwili akiuza vocha za simu, na baba hakuchoka kumchokoza: “Haya, mchunguliaji, leo umeona nini?”

Mshahara wa sasa si haba. Ndio ulioezeka upya nyumba ya baba huyo huyo.

“Mtu atakwambia anachotaka ukijue,” anasema. “Chuoni tulifundishwa kukaa na kutazama anachofanya. Miguu haijui kuficha.”

Mwaka jana alifika kwa mjane mmoja. Kaburi la mtoto wake wa kwanza lilikuwa kando ya uzio, lina jiwe lililopakwa chokaa. Mjane alikubali lihamishwe, tena upesi mno. Shangazi Maswali akaingiwa na wasiwasi, akakaa uani siku kadhaa.

Aliona mjane akitoka jikoni kwenda bombani hapiti moja kwa moja. Katikati ya ua palikuwa na udongo mtupu, naye akauzunguka. Binti yake vivyo hivyo, ndoo kichwani. Wajukuu nao, hata wakikimbizana, walikata kona pale pale.

“Nikamuuliza mmoja, mbona unazunguka? Akanitazama kama nimerukwa na akili. ‘Nazunguka wapi?’”

Wachimbaji walipochimba penye jiwe, shimo lilifika kifuani na hawakuona kitu. Udongo haukuwa umewahi kuguswa. Msimamizi akaamuru lifukiwe. Kesho yake katapila lingepita, na mtoto angebaki chini ya lami daima.

Shangazi Maswali alimfuata mjane jikoni, akaketi naye hadi chai ikapoa. Kisha akasema, “Mama, naomba ruhusa nikasimame pale katikati ya ua.”

Mjane akamkamata mkono. “Usimkanyage mwanangu!”

Ndipo akasema yote. Marehemu mumewe alitaka kujenga vyumba vya kupangisha katikati ya ua, akahamisha jiwe akamwacha mtoto. Vyumba havikujengwa. Mjane alifunga mdomo ili wanawe wasije wakamchukia baba yao.

Mtoto alipatikana jioni ile ile, akazikwa upya, mama yake akilia kwa sauti bila kujificha.

“Mimi nilizaliwa jiwe limeshahama,” anasema binti wa mjane. “Hakuna aliyeniambia kitu. Sijui miguu yangu ilijuaje.”

“Watoto huiga mwendo wa mama yao,” anaeleza Shangazi Maswali. “Hilo naweza kulieleza. Lakini hata kuku hawakuparua pale. Hilo siwezi.”

Tangu hapo hana raha akiwa nyumbani kwao. Kwenye korido, karibu na chumba cha baba, watu wote hupita wakijibana kwenye ukuta ule ule mmoja. Yeye mwenyewe amepita hivyo tangu utotoni, na hakuwahi kujiuliza.

Wiki iliyopita alimpigia baba simu, akamsimulia habari za mjane. Alitarajia mzaha. Mzaha haukuja.

“Baba,” akauliza, “pale kwenye korido kuna nani?”

Alisikia pumzi za mzee, kisha randa yake ya mbao ikimponyoka na kuanguka sakafuni.

“Ukija, mwanangu,” baba akasema, “njoo peke yako.”

Anasafiri Ijumaa. Anatumaini atakapofika, baba atakuwa bado ana nia ya kusema. Asiposema, atachukua kigoda, aketi kwenye korido, atazame.