Breki za Kumpeleka Mama Migwani

Shughuli nzima ilinilia chupa tatu za mafuta ya breki, mita moja ya mpira mwembamba unaoonyesha ndani, Jumamosi mbili na shati moja la kanisani. Nimehesabu mara mbili. Shati silalamikii, mama alikuwa ameniambia nilivue.

Gari ni la marehemu baba, stesheni wagoni iliyonitangulia kuzaliwa. Klachi yake inasukumwa na mafuta kama breki. Lilikuwa limekaa bandani miaka minne hapa Mbooni, mpaka mama aliposema anataka kwenda Migwani kumwona dada yake, ambaye miguu imekataa. Mama naye, bodaboda ilimwangusha mara moja, basi, hapandi tena.

"Nitaenda na gari la baba yako," akasema. "Likisimama."

Hilo "likisimama" ndilo lilikuwa na kazi. Pedali ya breki ilizama kama mguu kwenye matope, na ya klachi ikishuka ilikaa huko huko. Mabomba yalikuwa yameingiwa na hewa. Kuitoa ni kazi ya watu wawili: mmoja anakanyaga, mwingine yuko chini anafungua nati ndogo ya kutolea hewa kwenye gurudumu, na kuifunga kabla mguu haujainuka. Safari iliyopita nilimwita jirani. Nikisema shikilia, anaachilia, halafu anauliza ati nimesemaje. Mara hii nikaamua peke yangu.

Mpira niliupata mjini Wote. Mwenye duka la spea alitaja bei, nikacheka kwa adabu, nikatoka, nikarudi. Nilipotoka mara ya pili akaniambia, "Mzee, ukirudi tena utapata nimefunga." Tukaelewana. Akaniongezea na inchi nne za kuninyamazisha.

Ncha moja ya mpira unaivalisha kwenye nati iliyolegezwa, ya pili unaizamisha kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Ukikanyaga, hewa inatoka mapovu mapovu. Ukiachilia, bomba linavuta mafuta badala ya hewa. Nilianza na gurudumu la mbali kabisa, la nyuma kushoto. Nakanyaga mara kumi, nashuka, naangalia kikopo cha mafuta chini ya boneti kisikauke, naongeza, napanda tena. Thelathini. Sitini. Mapovu yakaja, yakaisha, pedali ikabaki laini vile vile. Jumamosi ya kwanza ikaenda hivyo.

Ya pili mama aliniletea chai. Nikaweka kikombe chini, kando ya gurudumu, nikajilaza kutazama ile nati. Chai ilikuwa imeegemea upande mmoja, karibu imwagike, na upande wa pili kikombe kilikuwa nusu. Nikaitazama kitambo.

Sisi wa Mbooni tunaegesha pua ikiangalia mlima, jiwe nyuma ya gurudumu. Baba alifanya hivyo, nami nafanya hivyo bila kufikiri. Sasa hewa hupanda. Kila nilipoisukuma nyuma, ilikuwa inarudi mbele polepole wakati mimi nashuka kuangalia kikopo na kurudia hesabu.

Kuligeuza gari lisilo na breki kwenye mteremko sikutaka hata kujaribu. Nilibana magurudumu ya mbele kwa mawe manne, nikayahesabu tena, nikainua nyuma kwa jeki na kuiweka juu ya vigogo vya mkaratusi hadi ikapita pua kwa kimo. Mkanyago wa ishirini na mbili ukatoa povu moja kubwa kama punje ya haragwe. Pedali ikawa ngumu. Kwa klachi, nilifunga pedali kwenye usukani kwa ukanda wa tyubu kuukuu, nikikanyaga inajirudisha yenyewe. Hapo ndipo shati lilipopata yake, likarukiwa mafuta.

Mama alipanda na kibeti magotini. Kabla ya kona ya kwanza akasema, "Simamisha." Nikasimamisha.

"Tena."

Nikasimamisha tena.

"Haya, twende."

Huko Migwani walishikana mikono mchana kutwa, wakitaja watu ambao wengi wao nilidhani wamekufa. Tulipoaga, mama mdogo alisema turudi mwezi ujao. Mama alimjibu kwa niaba yangu.

Kwa hiyo nauliza. Breki ziko sawa, lakini gari likikaa siku tatu pedali ya klachi inazama. Nikikanyaga mara tano inarudi. Mafuta kwenye kikopo hayapungui, na chini ni pakavu. Nimeibana pedali kwa fimbo usiku mzima, hakuna kilichobadilika. Ni raba ya pampu ya juu, ile ya kwenye pedali, imechoka, au kuna hewa bado imejificha? Mama ameshaanza kumwekea dada yake machungwa. Kama umewahi kuifanya kazi hii peke yako, tena mlimani, niambie kabla hayajaoza.